Kivumbasi cha Kiswere

Siku hiyo Moza aliamka kabla ya kuitwa. Alifagia uwanja, akateka maji, akaketi kula muhogo wa kuchemsha, huku jicho lake likikimbilia kila mara kwenye kiroba kilichoegemezwa mtungini.

"Kula taratibu, mwanangu," mama yake alicheka. "Hicho kivumbasi hakina miguu."

Moza alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Mchinga, kando ya bahari. Wiki iliyotangulia, mtafiti wa mimea aitwaye Bi Magdalena alikuwa amewaomba wanafunzi wenye ndugu sehemu nyingine wamletee kivumbasi, ule mmea ambao watu huuchoma jioni kufukuza mbu. Alitaka kulinganisha harufu ya kivumbasi cha pwani na cha milimani. Kwa hiyo Moza alifuatana na baba yake hadi kijiji cha Kiswere, pwani hiyohiyo, akachuma kicha kizuri nyuma ya jiko la shangazi yake.

Shuleni, vicha vilipangwa juu ya meza. Bi Magdalena alifikicha jani la kivumbasi cha Mchinga, akalipitisha.

"Karafuu!" darasa zima lilipiga kelele.

Hussen, rafiki yake Moza, alileta kicha kutoka kwa mjomba wake kwenye milima ya Kilwa. Hicho kilinukia kafuri, kikali hadi watu wakapiga chafya. Ikafika zamu ya kicha cha Moza. Wa kwanza kunusa alikunja uso.

"Hiki ni limau!"

"Kimelazwa kwenye kapu la malimau hicho!" mwingine alidakia, na darasa likaangua kicheko. Moza alitamani ardhi ipasuke. Kiroba kilikuwa kisafi, hakikuwa na limau hata moja. Lakini nani angemwamini?

Kengele ya mapumziko ilipolia, Hussen alimvuta pembeni. "Sikiliza. Kivumbasi kimejaa nyuma ya shule. Chuma kingine, useme ndicho cha Kiswere. Nani atajua?"

Moza alisita, kisha akaenda. Alichuma haraka. Aliporudi darasani alikificha kicha chake chini ya dawati, akaweka kile kipya mahali pake.

Baada ya mapumziko, Bi Magdalena aliwasha jiko la mkaa. Juu yake palikuwa na sufuria yenye mfuniko, na kutoka kwenye mfuniko bomba jembamba lilipita ndani ya ndoo ya maji baridi hadi kwenye chupa. Alieleza kwamba mvuke hubeba mafuta ya majani, na ukipoa hudondoka pamoja nayo chupani.

"Tuanze na kile kilichotuchekesha," alisema, akinyoosha mkono. "Moza, hiki ndicho cha Kiswere?"

Hussen alitazama sakafu. Moza alisimama.

"Hapana, Bi Magdalena," alisema kwa sauti ndogo. "Hicho nimekichuma hapa hapa shuleni. Cha Kiswere nimekificha. Niliogopa kuchekwa. Lakini naapa, hakikugusana na limau."

Akakitoa. Bi Magdalena hakumkemea. Alikisuuza kwa maji, akakagua shina na maua, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kivumbasi halisi. Tuone."

Majani yalichemka. Wanafunzi walijibana kuizunguka chupa. Tone la kwanza likaanguka, la pili likafuata, mara utando mwembamba wa manjano ukaelea juu ya maji. Bi Magdalena alinusa, macho yakamtoka.

"Limau!" alisema, akasahau utu uzima wake akaruka. "Harufu imo ndani ya jani lenyewe! Lakini tusishangilie mapema. Mpigie shangazi yako atume kingine."

Shangazi alituma kicha kwa basi. Walikichemsha na kukusanya mafuta yake kama mwanzo, yakanukia vilevile, na safari hii darasa likashangilia hadi walimu wa madarasa jirani wakaja kuchungulia. Bi Magdalena alichukua chupa zote akazipeleka maabara Dar es Salaam.

Siku majibu yalipofika, Mwalimu Benedikto, mwalimu wa darasa lao, aliingia mbio, simu mkononi. "Sikilizeni! Mashine imechambua mafuta yote. Mimea inafanana kwa macho, lakini ya Mchinga, ya milimani na ya Kiswere kila mmoja una viini vyake vya harufu. Cha Kiswere Bi Magdalena hakuwahi kukipata popote katika mkoa huu! Anarudi wiki ijayo, na anataka Moza amwongoze hadi Kiswere!"

Hussen ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. "Nisamehe," alimnong'oneza. "Ushauri wangu ungeharibu kila kitu."

Mwalimu alingoja kelele zitulie. "Wanangu, Moza alikosea alipobadilisha kicha, na alijirekebisha alipoulizwa. Angenyamaza, tungeandika kwamba kivumbasi cha Kiswere kinanukia karafuu, na uongo huo ungesomwa hata na watu wasiomjua Moza. Anayechunguza jambo aseme alichokiona, hata kama darasa zima linamcheka. Kicheko huisha kabla ya kengele kulia. Uongo ukishaandikwa, hukaa miaka."