Mbolea Mbili Katika Mtungi Mmoja

Ndugu zangu wa Manga, nisikilizeni, maana haya yametokea kwetu na nimechoka kuyanong'ona.

Nyumbani kwa Drusilla kulikuwa na amani. Asubuhi ungemkuta ndani ya kivungulio, ile nyumba ya plastiki, akiimba huku akizifunga nyanya zake kamba. Alikuwa ameng'oa michai yote ya shamba lake ili akijenge. Nyanya zikikubali, watoto wangesoma. Zikikataa, hana pa kurudi. Hazikupandwa kwenye udongo bali kwenye mifuko ya changarawe, zikinyweshwa maji ya mbolea kutoka kwenye tanki kupitia mipira myembamba.

Mbolea hiyo huja aina mbili, kila moja na pakiti yake. Kikundi chetu cha risaga, sisi tunaolimiana kwa zamu, kilimchagua Edinah aende Kisii kujifunza kuichanganya, kisha arudi atufundishe. Edinah na Drusilla wameolewa na ndugu wawili. Mashamba yao yanapakana, na Edinah pia ana kivungulio. Wote wawili walitarajia kuuzia hoteli moja ya mjini.

Drusilla ni Msabato. Ijumaa kabla jua halijazama, kwake kila kitu huwa tayari: chakula kimepikwa, maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi. Basi akamwendea Edinah.

"Mama Roselyne, hizi mbolea mbili naweza koroga pamoja kwa mtungi mmoja Ijumaa? Sabato niwe namwaga tu kwa tanki."

"Koroga tu, Mama Gesare. Hakuna shida."

Alipokoroga, maji yakageuka meupe kama uji. Akarudi kuuliza.

"Hiyo itatulia," Edinah akamjibu. "Usijali."

Kweli ilitulia. Weupe ulishuka chini ukawa tope, maji ya juu yakang'aa, naye akamshukuru Mungu. Kumbe chakula cha nyanya ndicho kilichokuwa kimelala chini ya mtungi! Chembe zilizoponyoka zikaziba mipira. Majani yakajikunja, na nyanya zikaanza kuoza kitako, nyeusi, kabla hazijaiva. Drusilla akadhani ni ugonjwa. Akapuliza dawa, akafunga na kuomba. Jioni alipita kwa Edinah kutafuta ushauri, na Edinah akampa chai na kumwambia avumilie. Hiyo chai ndiyo inayonikasirisha mimi mpaka leo.

Siku moja Ronny, mwalimu wa yale mafunzo, alikuja kututembelea. Alichungulia ndani ya mtungi wa Drusilla akashika kichwa.

"Nani alikwambia uchanganye hivi?"

"Mama Roselyne. Si wewe ndio ulimfundisha?"

Ronny akamgeukia Edinah, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe? Si nilikupa chupa ukachanganya na mkono yako, ikakuwa kama maziwa? Si ulisema hutawahi sahau?"

Edinah akainamisha uso. "Nilidhani hoteli ya mjini itachukua nyanya ya mtu mmoja tu."

Drusilla hakupiga kelele. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuja kwako mara mbili, dada, nikakuuliza."

Wapendwa, hoteli haikuwa imesema hivyo. Mnunuzi wa hoteli alipofika alitazama nyanya za Edinah akasema ni nzuri lakini ni chache. Alitegemea vivungulio viwili vimjazie gari. Akaondoka kutafuta kwingine. Edinah akakimbia kwa Drusilla, akamkuta anang'oa mashina makavu.

"Tuungane, Mama Gesare. Tumpigie simu arudi."

Drusilla akanyoosha mgongo, akamwonyesha mifuko iliyobaki mitupu.

"Tuungane na nini?"

Funzo

Mbolea hizi mbili zikikutana zikiwa kali, yaani kabla ya kutiwa kwenye maji mengi, hugandana na kushuka chini, na mmea hufa njaa. Kila moja iwe na mtungi wake na kijiti chake cha kukorogea. Jaza tanki maji kwanza, mimina ya kwanza, koroga mpaka isionekane, ndipo utie ya pili. Ukiona weupe, usinyweshe.

Hilo ni la shambani. La moyoni ni hili: mtu aliyetumwa na kikundi kujifunza amebeba mali ya kikundi. Akiificha ni mwizi, na akimpotosha mwenzake anayemwamini, amefanya ubaya zaidi kuliko mwizi, kwa sababu mwizi hakukaribishi chai. Risaga itatuma mtu mwingine. Ukichaguliwa wewe, rudi na yote uliyofundishwa.