Mchicha wa Kando ya Kisima

Dominika alizaliwa Makote, kule Newala juu, ambako maji ni shida. Tangu usichana wake aliteremka bondeni kuteka maji, akapanda tena mlima na ndoo kichwani. Kwao, mtu wa kumwaga maji ovyo alionekana hana adabu. Maji ya kuoshea vyombo yaliosha miguu, kisha yakapelekwa kwenye mpapai.

Aliolewa Chiungutwa, upande wa Masasi. Huko alikuta kisima nyuma ya nyumba, alichokichimba mumewe, Bartholomayo. Maji yalikuwa karibu, lakini tabia ya kwao hakuiacha. Alilima mchicha kando ya kisima, na maji yote yaliyobaki nyumbani aliyamwagia hapo. Mchicha ulistawi kweli kweli.

"Mama Julia, wewe hata ukilia utakinga machozi umwagilie mchicha," jirani yao Bwanali alimtania. Naye alikuwa akiteka maji kisimani hapo.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa watu binafsi. Zamani dawa za mikorosho zilipitia chama cha ushirika. Sasa ziliuzwa na kila mwenye meza sokoni. Bartholomayo alinunua dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Chupa haikuwa na maelezo yoyote.

"Hii kali, kaka. Mdudu haponi," muuzaji alimwambia.

Bartholomayo alipomaliza kupuliza mikorosho yake, alirudi na bomba la kupulizia akalisuuza kisimani. Akataka kumwaga yale maji.

"Wee! Usimwage!" Dominika alisema. "Lete huku."

Akayamwagia mchicha. Msimu uliofuata wakafanya vilevile.

Siku moja walikula ugali kwa mchicha. Julia, binti yao mdogo, aliupenda mno, akala kuliko wote. Haukupita muda, wazazi wakasikia tumbo linawakata. Julia yeye alitapika. Mate yakamchuruzika, jasho likamtoka, miguu ikaanza kutetemeka.

"Bwanali! Jamani, mtoto anakufa!" Dominika alipiga kelele.

Bwanali alikuja mbio na baiskeli yake. Dominika alipanda nyuma, mtoto kifuani. Njia nzima alirudia neno moja tu: "Mungu wangu, niachie Julia. Niachie Julia wangu."

Hospitalini, daktari aliuliza mtoto amekula nini. Akauliza na mchicha ulimwagiliwa maji gani. Dominika akaeleza.

"Hii ni sumu ya dawa ya shamba, mama. Mngechelewa, mngemkosa," daktari alisema.

Julia alipona. Waliporudi nyumbani, bibi shamba wa kata, aliyearifiwa na daktari, aliwafuata. Jina lake Siti. Alipiga hodi, akapelekwa kisimani, akakuta bomba la dawa limeegemea ukingo. Akachukua udongo kidogo kwa jembe, akaunusa kwa mbali.

"Udongo umeinywa dawa," alisema. "Mvua ikinyesha, dawa inasukumwa chini. Na chini huko ndiko kisima kinakopata maji yake."

"Basi tutachemsha maji," Bartholomayo alisema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, Baba Julia. Sumu hii si kijidudu. Maji yatapungua sufuriani, sumu itabaki."

Dominika aliketi chini palepale. "Nimemlisha mwanangu sumu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilidhani naokoa maji!"

"Hukujua, mwenzangu," Siti alisema. "Chupa yenyewe ilikuja bila maelezo. Sasa simama, kazi ipo. Mtoto amerudi, na maji ni haya haya."

Siti alimwita mtaalamu wa maji kutoka wilayani. Maji yalipimwa, sumu ikaonekana. Kisima kikazungushiwa miiba ili mtu yeyote asiteke, hata Bwanali. Ikabidi wote wafuate maji mbali.

Wanaume walivaa glavu na mabuti. Waling'oa mchicha wote. Walichimba udongo uliolowa dawa, wakaufunga kwenye mifuko ya nailoni na kuuweka mahali pakavu, mpaka gari la wilaya likauchukua. Kisha ikaja kazi ya kukausha kisima. Maji yalitekwa ndoo baada ya ndoo, yakamwagwa kwenye shimo alilochagua mtaalamu, mbali na kisima na mto.

Dominika alivaa glavu, akabeba ndoo ya kwanza. Alipofika shimoni, mikono ilikataa. Tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kumwaga ndoo nzima ya maji. Machozi yakamtoka. Julia na baba yake walikuwa wamesimama kwa mbali, wanamtazama. Dominika akafumba macho, akamwaga.

"Sasa bomba tutalisuuza wapi?" Bartholomayo alimuuliza Siti.

"Hukohuko shambani. Tia maji safi, tikisa, kisha pulizia maji hayo kwenye mikorosho yako. Rudia mpaka bomba litakate. Hakuna tone litakalopotea."

Dominika akainua uso. "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!"

"Tena dawa nunua ile yenye maelezo, ndani ya chombo chake," Siti aliongeza. "Dawa ikiisha, kitoboe chombo. Kisitumike kutekea maji kamwe."

Kisima kilijengewa ukingo wa saruji na mfuniko. Kilikaa kimefungwa masika nzima. Walikikausha tena, maji yakapimwa tena, na bado hayakufaa. Dominika alibeba ndoo kutoka mbali kama alivyofanya Makote, bila kunung'unika. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, mtaalamu alipima mara nyingine. Safari hii alikuja mwenyewe kuwaambia: maji ni salama.

Bwanali aliondoa miiba. Dominika akateka, akanywa yeye kwanza. Kisha akamjazia Julia kikombe. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akaanza kutembea taratibu kuelekea shimoni.

"Julia! Unakwenda wapi?"

"Kumwaga, mama."

Dominika alimkimbilia, akapiga magoti mbele yake.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Haya ni ya kunywa."