Taa Kwenye Kioo cha Kushoto

Fundi Miwani alikuwa uani akiosha pikipiki yake, saa nne asubuhi, jua limekwisha kushika, alipoona taa ndogo kwenye kioo cha kushoto. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta na kamba ya nguo. Akakipangusa kioo kwa kitambaa kilekile anachofutia lenzi dukani, akatazama tena: taa ipo, ndogo kama punje ya mtama, ya manjano, imezungukwa na vumbi. Wakati huo hata nguo kambani hazikutikisika.

Mtu mwingine angesema ni macho tu. Yeye kazi yake ni macho. Alijipima siku hiyohiyo, akajikuta mzima.

Tuseme ukweli, maana yeye hakuusema. Walikuwa watano, wenye zile pikipiki ndefu za matairi ya meno, zinazokwenda lami na zikikutana na changarawe hazilalamiki. Kila Jumapili waliwaacha wake zao na manung'uniko, wakaenda kula vumbi. Vumbi lilikuwa zito, kwa hiyo waliendesha wameachana mbali, taa zinawaka mchana kweupe, na sheria yao ilikuwa moja: ukifika njia panda simama, usikate kona mpaka uone taa ya aliye nyuma yako. Hivyo hapotei mtu.

Wa mwisho siku zote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mwalimu wa hesabu aliyeendesha kana kwamba amebeba trei ya mayai. Kumsubiri ilikuwa kazi ya Fundi Miwani, na kila wakifika wenzao walikuwa na neno: "Karibuni wazee, chai imeshapoa." Jumapili moja, kwenye njia panda ya machimbo, alisubiri kidogo, akaona vumbi la wenzake linayeyuka kule mbele, akajisikia aibu ya kuchekwa tena, akaondoka. Mwalimu alipofika hakukuta mtu. Akashika kushoto, kwenye daraja lililokatika.

"Nilisubiri mpaka nikaona taa yake," Fundi Miwani aliwaambia watu msibani. "Sijui alipotelea wapi."

Dada yake alimshika mkono, akamshukuru.

Wiki sita zilikuwa zimepita. Sasa taa ilikua. Siku ya tatu ilikuwa kama kifungo cha shati, na haikukaa tena kwenye pikipiki peke yake. Aliiona kwenye kila lenzi aliyoinua dukani, na kwenye miwani ya wateja waliomtazama wakingoja jibu. Mto wake ulinuka vumbi na petroli. Alipopanda pikipiki kwenda kujaribu kuikimbia, kwenye ile barabara ya changarawe, adhuhuri, peke yake, taa ikaja nyuma bila haraka, ikajaa kioo kizima, na sauti ya injini ikafuata, injini aliyoijua kwa sababu ilikuwa ikigonga ndani kama kijiko kwenye kikombe na ni yeye aliyekuwa akimwambia Mwalimu aipeleke kwa fundi, naye akakaza mkono, mawe yakaruka, tairi la nyuma likayumba, na ndani ya helmeti yake, iliyobana masikio yote mawili, akasikia mtu mwingine anahema.

Alikwenda kwa mganga siku hiyohiyo. Alimkuta mganga, mama mnene, akimenya vitunguu, naye hakuacha kumenya.

"Huyo si shemeji yako," alisema. "Marehemu amelala zake. Hilo ni jini la njia, halina sura, linavaa ile unayolishonea. Wewe ulisema umeiona taa. Basi umepewa taa."

"Litatoka vipi, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kamwambie uliyemdanganya, yote, kwa mdomo wako. Ukirudia uongo mbele yake litakuacha pia, nisikufiche. Ila litabaki kwa aliyeupokea."

Alasiri alikuwa sebuleni kwa dada yake. Helmeti ya Mwalimu ilikuwa juu ya kabati, imefutwa vumbi. Taa ilikuwa kwenye kioo cha dirisha, kubwa kama sahani.

"Dada, nina neno kuhusu ile siku."

"Usijitese, kaka." Alimsogezea kikombe. "Mimi nalala kwa sababu ya kitu kimoja tu. Najua hukumwacha."

Alifungua mdomo. Uso ulimwaka moto mpaka shingoni. Alitaka kusema, Mungu anajua alitaka.

"Sikumwacha, dada. Niliiona taa yake."

Dirisha likawa dirisha tu.

Aliondoka haraka. Kioo cha kushoto kilikuwa kisafi, kina barabara na anga, naye akapumua kwa raha, kisha akaionea aibu raha yenyewe. Penye njia panda ya kwanza mguu ulikanyaga breki kwa mazoea. Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Simu ikaita.

"Kaka, umesahau nini?" aliuliza dada yake.

"Kwa nini?"

"Si umerudi? Nakusikia uani, huzimi pikipiki. Na hiyo taa, inanipiga macho mpaka huku jikoni."

Nyuma ya sauti yake kijiko kilikuwa kikigonga kikombe.

"Kaka? Nikufungulie?"

Kutoka pale kurudi ni dakika nne. Maneno aliyajua, nayo yalikuwa machache: usifungue, si mimi, nilikudanganya. Lakini la kwanza lisingetoka bila la mwisho.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nazima sasa hivi."

Akatia simu mfukoni, akatia gia, akashika njia ya kwake bila kutazama kioo.