Ukuta wa Xi'an na Bakuli la Baba

"Siendi Xi'an."

"Suyi, hata hujaniacha nimalize."

"Maliza, lakini siendi. Chagua mji mwingine. Suzhou, Hangzhou, Luoyang. Nchi nzima imejaa miji ya kale, kwa nini unaung'ang'ania huo huo?"

Delin aliinua simu yake na kumwonyesha picha ya ukuta mkubwa wa matofali, taa nyekundu zimening'inia juu yake, vijana wakiendesha baiskeli.

"Angalia hii. Likizo ya Mei, jioni, mimi na wewe tunazunguka juu ya ukuta kwa baiskeli. Kesho yake tunakwenda kuliona lile jeshi la sanamu za udongo. Halafu Mnara wa Ngoma. Halafu unanionyesha ulikosomea, ulikochezea, mti uliokuangusha ukavunja jino."

"Sikuvunja jino."

"Basi nionyeshe mti ambao hukuvunja jino."

Suyi alitaka kucheka, akajizuia. Mkononi alikuwa na mkate wa mvuke wa kifungua kinywa, na bila kujua alikuwa ameumega wote vipande vidogo vidogo, vimejaa kwenye kisahani.

"Unalisha shomoro?" Delin alimtania.

"Acha utani. Kwetu hakuna cha kuona."

"Mji wenye jeshi zima chini ya ardhi, hakuna cha kuona?"

"Hakuna!"

Aliinuka, akaingia jikoni na kufungua bomba ingawa hakuwa na cha kuosha. Miaka miwili ya mapenzi, na kila Delin alipouliza habari za nyumbani kwao, jibu lilikuwa moja tu: Baba ana kazi nyingi. Angemwambiaje ukweli? Kwamba Mwaka Mpya uliopita, alipotaja tu kuwa amempata kijana wa Xiamen, huku kusini, baba yake aliweka vijiti vya kulia mezani na kusema, "Ukiolewa huko mbali, usinipigie simu." Na kwamba yeye naye, kwa ukaidi aliourithi kwa baba huyo huyo, hakupiga.

Simu ikaita. Aliitazama, akatoka nayo haraka hadi kibarazani na kufunga mlango wa kioo nyuma yake.

"Haloo... Nipo. Usilie, tafadhali. Nami nimekukumbuka... Hapana, hajui. Delin hajui chochote. Nitakuja siku moja, nakuahidi."

Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi. Delin alikuwa amesimama pale, kikombe cha chai mkononi.

"Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu ndiye anayelia ukimwambia umemkumbuka?" Sauti ya Delin ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Suyi. "Kila Jumamosi unakimbilia hapa kibarazani. Nimenyamaza. Nikajiambia Suyi wangu hawezi. Sasa naelewa kwa nini hutaki nikanyage Xi'an. Kuna mtu huko."

"Delin, sivyo unavyofikiri."

"Basi niambie ilivyo."

Suyi aliificha simu nyuma ya mgongo.

Delin aliweka kikombe juu ya mashine ya kufulia, akavaa viatu na kuondoka.

Mchana kutwa hakumpigia. Suyi, ambaye kazi yake ni kuchora picha za vitabu vya watoto, alichora sungura mmoja mara nyingi, na kila sungura akatoka na uso wa huzuni. Jioni ilipoingia alishindwa. Akaandika:

"Ni mama yangu. Ananipigia akiwa amejificha stoo ya duka ili Baba asisikie. Baba hataki niolewe mbali. Amesema nikiwa na wewe nisimpigie. Nilikuficha kwa sababu niliogopa ungejiona hutakiwi."

Jibu lilichelewa. Halafu simu ikaita.

"Duka gani?" Delin aliuliza.

"Nini?"

"Umesema stoo ya duka. Baba yako ana duka gani?"

"La chakula. Anapika supu ya kondoo na mkate. Karibu na lango la kusini la ukuta." Suyi akaanza kulia. "Delin, samahani."

"Miaka miwili ulibeba mzigo huu peke yako, na mimi nipo hapa hapa naulizia miti." Alivuta pumzi. "Kwa nini hataki mbali? Ananichukia bila kuniona?"

"Hakuchukii wewe, anachukia umbali. Shangazi yangu aliolewa kusini. Bibi alipougua wakampigia simu, lakini ilikuwa sikukuu, tiketi hakuna. Alipofika, Bibi ameshazikwa. Baba ndiye aliyempokea stesheni akamwambia. Tangu siku hiyo akisikia neno kusini anabadilika uso."



"Basi huyo mzee hana kosa," Delin alisema.

Siku zilizofuata hakuutaja tena ukuta wala baiskeli. Suyi akadhani mpango umekufa, na nusu ya moyo wake ilishukuru. Nusu nyingine ilikuwa ikichungulia picha za Xi'an kwa siri. Siku moja kabla ya likizo, ujumbe ukaingia:

"Nimekata tiketi ya treni ya kesho asubuhi. Ni moja, ya kwangu. Treni zote za kasi zimejaa, nimepata ile ya polepole, kiti cha kawaida. Usiogope, sitamwambia baba yako chochote. Nataka tu kula chakula chake, na yeye anione hata bila kujua ni mimi."

Suyi alipiga papo hapo.

"Una wazimu?"

"Kidogo."

"Hujui hata jinsi ya kukila! Utamtia aibu kila mtu!"

"Kwani supu inaliwaje? Si kwa kijiko?"

"Unaona? Unaona!"

Alikata simu, akaingia kwenye ukurasa wa tiketi. Viti vimekwisha. Vitanda vimekwisha. Kilichobaki ni tiketi za kusimama. Kutoka Xiamen hadi Xi'an kwa treni ile ni zaidi ya siku nzima. Alibonyeza kabla woga haujampata.

Asubuhi, Delin alikuwa amebanwa dirishani kati ya mama mmoja mwenye kikapu cha machungwa na kijana anayekoroma, aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Sogea."

Akainua macho. Suyi alikuwa amesimama kwenye ujia, nywele zimetimka, begi mgongoni.

"Kiti chako kiko wapi?"

"Sina. Nimekata ya kusimama."

"Hadi Xi'an?"

"Unafikiri nitakuacha wewe mtu wa kusini uende ukamwombe baba yangu wali badala ya mkate?"

Mama wa machungwa akacheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, mpishe mkeo akae!"

Delin alisimama kabla hajamaliza kuambiwa. Ndivyo walivyosafiri, wakipokezana kiti kimoja, mmoja akisinzia na mwingine ameegemea mgongo wa kiti. Walikula tambi za kopo na machungwa ya yule mama. Nje ya dirisha mashamba ya mpunga yaliisha, milima ikaja, kisha mashamba ya ngano. Wakarudi kwenye mipango yao, safari hii wawili.

"Kwanza ukuta," Suyi alisema. "Tupumue kidogo, halafu ndipo dukani."

"Kwanza dukani."

"Duka si kivutio."

"Kwangu mimi ndicho nilichokuja kukiona."

Walipofika Xi'an jua lilikuwa limepanda. Ukuta ule wa kwenye picha ulikuwa mbele yao, mkubwa kuliko picha. Delin aliutazama mara moja tu, akamshika Suyi mkono.

Duka lilikuwa limejaa. Mama yake Suyi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alikuwa akifuta meza. Alipoinua kichwa, kitambaa kilimponyoka.

"Mama," Suyi alinong'ona.

Mama alitupa jicho dirisha la jikoni, ambako mvuke ulikuwa ukifuka na upawa ukigonga sufuria. Aliwasukuma kwenye meza ya pembeni, akamgusa binti yake shavu kwa kidole kimoja, kisha akamtazama Delin kuanzia viatu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mrefu kuliko ulivyomsimulia kwenye simu." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Kaeni. Msiseme kitu. Akimaliza wateja wa mchana nitaona nianzie wapi."

Aliwaletea mabakuli mawili matupu na mikate ya duara, migumu kama vifuniko vya chungu.

"Supu iko wapi?" Delin aliuliza.

"Unamega kwanza," Suyi alisema. "Mwenyewe. Mpishi hamegi. Ukimaliza bakuli linarudi jikoni, ndipo anakupikia."

Delin akamega. Mkate ulimpiga chenga. Alivunja vipande vikubwa, akajaza bakuli haraka, akajisikia shujaa.

"Vidogo zaidi," Suyi alimwambia. "Kama kichwa cha nyuki. Ndivyo supu inavyoingia."

"Nyuki wa kwetu wana vichwa vikubwa."

Vidole vya Suyi vilikuwa vimeshaanza vyenyewe. Kubana, kupinda, kuachia. Zamani alikaa kwenye meza hizi hizi akiwa hajafikisha kimo cha meza, baba yake ameketi pembeni na mikono yenye harufu ya kondoo, akimwambia taratibu, taratibu, mkate haukimbii. Akivitazama vidole vile, Delin akauelewa ule mkate wa mvuke kwenye kisahani kule Xiamen. Aliendelea kumtazama tu.

Mama alibeba mabakuli yote mawili hadi dirishani.

Sauti nzito ikanguruma kutoka jikoni:

"Nani kaleta hili? Huu ni mkate au matofali? Anataka kujenga ukuta mwingine? Mrudishie amege upya!"

Duka zima likacheka. Bakuli likarudi mbele ya Delin, masikio yake yakiwa mekundu. "Mgeni, usikate tamaa!" mzee mmoja alimpigia kelele.

Halafu jikoni kukawa kimya.

Upawa uliacha kugonga. Suyi aliushika ukingo wa meza. Mama alisimama katikati ya duka, birika mkononi, hajui aende wapi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Baba alitoka na aproni yake, amelishika kwa mikono miwili bakuli la pili, lile la vipande vidogo. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko Mwaka Mpya. Hakumtazama mkewe.

"Bakuli hili ni la nani?"

Suyi alisimama.

"Langu, Baba."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Umekonda," alisema. "Huko hawali?"

"Wanakula wali."

"Ndiyo maana."

Suyi alicheka na machozi yakatoka hapo hapo. Baba aliliweka bakuli mezani polepole, kisha akamgeukia Delin.

"Na huyu wa matofali?"

Delin alisimama, akainamisha kichwa. "Naitwa Delin, mjomba. Natoka Xiamen."

"Najua unakotoka. Anayemega hivi hawezi kutoka karibu. Umekuja kuona nini Xi'an?"

"Nilitaka kuona ukuta. Na jeshi la udongo. Lakini nimeanzia hapa."

"Mmekuja kwa usafiri gani? Tiketi si zimekwisha? Redio inalia tangu juzi."

"Kwa treni ya polepole," Suyi alijibu. "Yeye alikuwa na kiti. Mimi nilikata ya kusimama."

Uso wa Baba ukabadilika. Akaitazama miguu ya binti yake, iliyokuwa imevimba ndani ya viatu.

"Nani alisimama zaidi?"

"Yeye," walisema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole.

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Baba hakucheka, ila aliinamisha uso na kujifuta paji kwa aproni, akachukua muda kuliko jasho lilivyohitaji.

"Na siku nyingine je?" aliuliza, na sauti yake sasa haikuwa ya kunguruma. "Nikiumwa. Au mama yake akiumwa. Mkapigiwa simu, na tiketi za kukaa hakuna. Mtafanyaje?"

Suyi alijua ni stesheni gani anayoiona baba yake wakati ule.

"Tutasimama," Delin alisema.

Mzee alimkazia macho.

Baba akavuta kiti na kuketi kando yake. Alilivuta lile bakuli la matofali, akachukua kipande kimoja kikubwa.

"Tazama vidole vyangu, si uso wangu. Bana. Pinda. Achia."

"Namna hii, mjomba?"

"Taratibu. Mkate haukimbii. Na hilo jeshi lenu la udongo limekaa ardhini zaidi ya miaka elfu mbili, halina haraka na wewe." Akageuza kichwa. "Mama Suyi! Umeganda kama sanamu. Wape watoto vitunguu saumu vya siki. Na bakuli la binti yangu likipikwa, ongeza nyama, huyu atapeperushwa juu ya ukuta kesho."

"Kesho?" Suyi aliuliza.

"Mlikuwa mnapanga kupandia lango gani?"

Delin alitoa simu kwa woga, akamwonyesha. Mzee akaisogeza mbali kidogo ili aone, akaguna.

"Hapo ndipo wanapojazana watu wote. Nitawapeleka mwenyewe asubuhi. Supu ataiangalia mama yenu."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, analia na kucheka, birika bado mkononi. Suyi akamegea kipande chake ndani ya bakuli la Delin, wakaendelea kumega watatu, vidole vikigongana.

"Asante, mjomba," Delin alisema.

"Mjomba, mjomba," mzee alimwiga, macho yake yakiwa kwenye mkate. "Maliza bakuli hili kwanza. Halafu tutaona utaniitaje."

Delin akainamisha kichwa, akamega vidogo kuliko nyuki yeyote duniani.