Gari Lililokataa Kuvuka Kamukuywa

Gari lilikuwa limeinama kidogo upande wa kushoto. Si sana. Mtu asiyejua magari angelitazama mchana kutwa asione kitu, lakini Wakoli alikuwa ametoka Bungoma asubuhi kuja kununua, na mtu anayetaka kununua huwa na macho manne.

Kabla ya hapo hakuwa amepata la kulalamikia. Alitandika gunia akalala chini ya ile Prado, akagonga chesisi, akatafuta kutu akaikosa. Alifungua boneti akachomoa kijiti cha oili, akaipaka kidoleni, akainusa. Tairi zilikuwa zimelika sawasawa. Viti bado vilikuwa na nailoni yake, na dashibodi iling'aa hadi ukaona meno yako. Mwenyewe, Mzee Wabwile, alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu na mzee wa kanisa hapo Kitale, na alijulikana kwa kulisugua gari. Majirani walimtania kwamba kuku akikohoa karibu na gari lile anapelekwa kwa chifu.

"Mzee, hii gari imelala hii upande," Wakoli alisema.

"Ni uwanja. Uwanja wangu hauko sawa."

Wakoli akalisogeza mpaka kwenye saruji mbele ya nyumba. Bado liliinama, mbele kushoto, vile gari huinama mtu akishaingia akakaa anangoja wengine. Alipowasha injini, kengele ndogo ikaanza kulia, ting, ting, ting, na taa nyekundu ikawaka kuonyesha kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda. Abiria hakuwepo.

"Hiyo ni sensa," Wabwile alisema haraka. "Si unajua hizi gari za Japani, bana."

Mke wa Wakoli, Nakhungu, alikuja akafungua mlango wa kushoto ili aingie. Si mganga huyu mama, wala si nabii. Anauza mbegu na mbolea mjini Bungoma. Lakini mguu ulisimama hewani. Ndani mlitoka harufu ya ugoro, na chini yake harufu ya shuka iliyonyeshewa ikakunjwa kabla haijakauka. Akasema, "Mulembe," kwa sauti ya mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Akarudisha mlango polepole, akaenda kukaa nyuma.

"Unasalimia nani?" mumewe akamuuliza.

"Sijui. Nimeona tu si vizuri nipite bila kusalimia."

Wabwile aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hakutaka waone uso wake.

Maana alijua. Tusimfichie, alijua tangu mwanzo nani amekaa pale, na alikuwa akimuuza pamoja na gari.

Alikuwa mama yake. Nanjala, mama mzee wa upande wa Lwakhakha, aliletwa Kitale alipoanza kuugua, na kila asubuhi alimwomba mwanawe kitu kimoja: nirudishe nikafie kwangu. Kila asubuhi Wabwile alimjibu, "Mvua ikikatika, mama." Kitale mvua haikatiki kirahisi, wewe unajua. Barabara ya kwao ilikuwa tope tupu, na mama mwenyewe siku hizo hakuweza kujizuia haja, na viti vilikuwa vipya. Wageni wa kanisa walipokuja, mlango wa chumba chake ulifungwa. Ukinusa ugoro katika nyumba ya mzee wa kanisa utafikiri nini?

Mwishowe alimpakia, mama akiwa amebaki na pumzi ya kuazima. Alimketisha mbele. Mchungaji alikaa nyuma kwa maombi, pamoja na mdogo wake mama. Hawakuwa wamepita Kiminini mama alipokata roho, kichwa kikiegemea kioo.

Sasa, watu wa kwao wana desturi. Ukimbeba maiti ukafika mto, unasimama. Unamwita kwa jina, unamwambia, fulani, huu ni mto fulani, tunavuka, twende nyumbani. Usipomwambia mwili utavuka, lakini mwenyewe atabaki, kwa sababu hakuna aliyemwambia safari inaendelea. Walipofika daraja la Kamukuywa mama mdogo alimgusa bega. "Wabwile, tumefika mto. Mwambie mama." Wabwile akamtazama mchungaji kwenye kioo. Akaona aibu. Akaongeza sauti ya kwaya kwenye redio, akavuka.

Walizika jeneza. Yeye alirudi Kitale na gari, na alipolivusha tena daraja lile, kitu kikaketi kando yake.

Tangu siku hiyo gari halikukubali tena kupita Kamukuywa. Kila jioni kiza kilipoanza kuingia, kioo cha kushoto kilitokwa na ukungu kwa ndani, pale pale ambapo kichwa kiliegemea. Fridah, mkewe Wabwile, alisema hilo ni jini, watu wa Mombasa wanauza magari na majini yake, akaita kikundi cha maombi. Wakalizunguka gari wakipiga makofi. Wakalipaka mafuta. Wakafungua mlango wa kushoto, wakaelekeza vidole kwenye kiti, wakakemea: shetani, toka! Mchafu wewe, toka! Na ndani ya gari, chini ya kelele zile, Wabwile alisikia mtu akijikunyata kwenye nailoni, kama anayejaribu kuchukua nafasi ndogo zaidi asiwasumbue watu. Fridah akamwambia, "Baba, sema amina." Akasema amina. Usiku huo alilia na mkewe akafikiri ni Roho Mtakatifu.

Hivyo ndivyo bango la kuuza gari lilivyotundikwa kwenye geti.

"Twende tulijaribu," Wakoli alisema.

"Twende upande wa Endebess," Wabwile akadakia. "Huko kuna matope mazuri, utaona vile inapanda."

"Apana, mzee. Mimi nitaendesha kwa matope maisha yangu yote. Twende hii ya Webuye. Kuna fundi wangu pale Kamukuywa ng'ambo ya daraja, aingie chini kidogo."

Wabwile angeweza kusema basi, siuzi. Maneno yalifika kooni yakarudi, kwa sababu baada ya siuzi lingekuja kwa nini. Akasema ataendesha yeye. Wakoli akaingia nyuma na mkewe bila kuulizwa. Naye pia, bila kukubali kwamba anaogopa, hakutaka kile kiti cha mbele.

Mvua iliwakuta Kiminini. Kengele haikunyamaza, ting, ting, na Wabwile akazungumza juu yake, akisifu gia, akisifu breki, akisema gari hili halijawahi kubeba hata gunia la mahindi. Walipoanza kuteremka kuelekea mtoni, harufu ya ugoro ikajaa hadi macho yakawasha, na ukungu ukatanda kwenye kioo cha kushoto tu, na katikati ya ukungu pakafutika duara moja dogo, polepole, kama mtu anafuta apate kuona nje tumefika wapi, kisha mkanda wa kiti kitupu ukaanza kuvutika wenyewe, ukapita kifuani pa mtu asiyeonekana, ukatetemeka ukitafuta tundu lake kama mkono wa mzee unavyotafuta, ukakosa, ukajaribu tena, ukaingia. Kengele ikanyamaza. Ndipo wote watatu wakasikia pumzi.

Injini ikazima hapo hapo, daraja likiwa mbele ya pua.

"Mzee," Nakhungu akanong'ona, "huyu amekaa mbele ni nani wako?"

"Hakuna mtu."

"Mzee. Ni nani wako?"

Wabwile alishika usukani kwa mikono miwili. Soko lilikuwa pembeni. Watu walikuwa wamejikinga chini ya mabati, na kwa kukosa kazi nyingine walikuwa wakitazama gari zuri lililokwama.

"Ni mama," akasema. "Sikumwambia tunavuka."

Wakoli akavuta pumzi. "Na ulikuwa unatuuzia? Mama yako, mzee? Ati tuende na yeye?"

Hapo hata mimi sina la kumsaidia.

"Mwambie sasa," Nakhungu alisema.

Akasema pale pale, vioo vikiwa vimefungwa, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuulizia choo katika nyumba ya watu. Kiti hakikutikisika.

"Si hivyo. Shuka. Mwambie kama mama yako."

Alishuka. Mvua ikampiga, suti ya mzee wa kanisa ikamgandia mwilini. Alizunguka hadi mlango wa kushoto, akaufungua, na hapo, watu wa soko wakitazama, na mmoja akicheka, akamwita mama yake kwa jina lake kwa Kibukusu, akapaza sauti, akamwambia huu ni mto Kamukuywa, tunavuka, mayi, twende nyumbani. Alirudia mpaka aliyekuwa akicheka akavua kofia.

Aliporudi kwenye usukani, injini ikawaka mara moja. Walivuka. Wabwile aliendesha akilia waziwazi, na moyoni alikuwa karibu kufurahi, hadi walipomaliza daraja na Nakhungu akasema kutoka nyuma kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti kavu ya bibi mzee aliyechoka na safari:

"Dereva, nishushe hapa."

Wakoli aliruka hadi akagonga kichwa. Mkewe alikaa wima, macho yamefumbwa.

"Mayi," Wabwile alisema, akisimamisha gari. "Ni mimi. Ni mimi Wabwile."

"Wewe ni dereva. Umenisaidia, Mungu akubariki. Nishushe, mwanangu anakuja nyuma. Alisema mvua ikikatika atanipeleka mwenyewe."

Mkanda ukafunguka. Mlango ukafunguka. Gari likainuka upande wa kushoto, polepole, likakaa sawa kabisa, na ile harufu ikatoka pamoja na upepo. Nakhungu akajishika kichwa akauliza wamefika wapi. Wakoli akateremka akalizunguka gari lote, akarudi akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa limesimama sawa.

Wabwile hakumsikia. Alikuwa amekimbilia kando ya barabara, akigeuka huku na huku kwenye mvua, akisema, mayi, ni mimi, mayi, hakuna mwingine anayekuja. Chini ya mwavuli mkubwa, mwanamke muuza ndizi alisogeza beseni lake akampa mtu nafasi kwenye benchi. Akainamisha sikio, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee," akamwita Wabwile, "huyu kukhu, bibi wa watu, anauliza kama umempita mtoto wake njiani."

"Mwambie ni mimi. Mwambie mimi ndiye mtoto wake!"

Muuza ndizi akainama tena kwenye benchi tupu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Anasema uende tu, dereva, usijisumbue. Mtoto wake ni mtu mzuri, hawezi kumwacha."

Watu wa soko walikuwa wakitazama kutoka ng'ambo. Wabwile akaenda akaketi kwenye ncha ya pili ya benchi lile, akakunja mikono, akangoja naye.