Anwani ya Ng'ambo ya Daraja

Kioo cha mbele cha gari la Gerrit kilipasuka kwa pigo la pili. Pigo la tatu lilitua kwenye boneti.

— Toka nje, mwizi wa wake za watu, Royce alinguruma, wili spana mkononi. — Toka nikuzibe na hilo sikio lililobaki.

Ndani ya nyumba, Leona alikuwa ameshika simu. Ujumbe wa Royce ulikuwa umeingia wakati yeye na Gerrit wanakunywa kahawa, akakosa ujasiri wa kuuonyesha: "Josie amenionyesha mkono wake kwenye simu. Nakuja."

— Nenda bafuni, mama. Funga mlango, alimwambia Josie, binti yake wa miaka sita.

— Baba kakasirika kwa sababu yangu?

— Si wewe. Nenda.

Gerrit alikuwa ameshafika uani, miguu mitupu juu ya changarawe.

— Royce, mmeachana tangu Agosti. Rudi kwako New York, daraja liko pale pale. Gari langu utalilipa.

— Tumeachana? Nani kakuimbia huo wimbo?

— Weka hicho chuma chini.

— Kichukue.

Leona alipiga kelele kutoka mlangoni. Gerrit akageuka kumtazama, na kwa kugeuka akampa Royce ubavu wa kushoto. Sikio la upande huo lilikufa akiwa na miaka minne, alipougua matumbwitumbwi. Hakusikia changarawe ikisagwa. Chuma kilimpata mbavuni, akaangukia rundo la kuni.

Royce alimpiga teke la tumbo, kisha la mdomo. Jino likatoka.

— Hilo la kulala na mke wangu. Na hili la mwanangu.

La tatu Gerrit alilidaka. Aliuvuta mguu, Royce akaanguka chali, wakabingirika juu ya vipande vya kioo wakitafutana macho kwa vidole. Gerrit akampiga kichwa. Pua ya Royce ikalia kama kijiti kikavu. Sasa Gerrit alikuwa juu, mikono yote miwili kooni mwa mwenzake, akikaza.

— Muulize, Royce alikoroma, damu ikimwingia mdomoni huku anacheka. — Muulize nani alimtuma kwako.

— Nyamaza.

— Mimi nilimtuma. Bunge letu kule limefuta msamaha wa dini, mtoto asiyechanjwa haingii darasani. Hapa Pennsylvania mzazi anaandika tu kwamba imani yake inakataa, yameisha. Tulitaka anwani ya huku, mjinga wewe. Nikamwambia, nenda kwa yule fundi wa mapaa, anakutazama kama mbwa anavyotazama mfupa. Mwambie unampenda.

Mikono ya Gerrit ililegea.

— Leona. Ni kweli?

Leona alijibu kwa macho.

Hiyo ilimtosha Royce. Aliokota chuma akampiga Gerrit begani, mfupa ukavunjika. Akainuka, akakinyanyua juu ya kichwa cha mtu ambaye hakuwa hata anajikinga.

Gogo la mwaloni lilimpata Royce kwenye kiwiko. Wili spana ikaruka. Gogo likarudi, likampata gotini, akaanguka akilia kama ndama. Leona alisimama juu yake, gogo bado mikononi.

— Jaribu tena.

— Umenivunja mkono, malaya.

— Na wa pili upo.

— Tuliapa kanisani, Leona. Mimi na wewe, mbele ya Mungu. Kwamba sindano haitamgusa. Halafu mtoto ananiambia alilia kidogo, akapewa stika ya dubu.

Gerrit aliinua uso uliojaa damu.

— Sindano gani?

— Hata yeye hajui, Royce alimwambia Leona. — Umetudanganya wote wawili.

— Toka hapa, Leona akamwambia. — Nimeshapiga simu polisi. Ukibaki, watakukuta umelala.

Royce alijikokota hadi kwenye gari lake, mkono ukining'inia. Aliondoka akigonga sanduku la barua.

Gerrit hakumtazama Leona.

— Na wewe kachukue nguo zako. Anwani mmeshaitumia vya kutosha.

— Siihitaji.

— Usinichezee. Nimepigwa inatosha leo.

— Nisikilize basi. Nilikuja kwa ajili ya anwani, hiyo ni kweli, na utanichukia ukitaka. Lakini Josie alikuwa anakaa upande wako wa kushoto pale mezani. Anakusimulia vichekesho vyake, wewe unakula tu. Akaniuliza kwa nini humpendi. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia kuhusu mama yako, kwamba naye aliamini kama sisi, hakukuchanja. Nikampeleka mtoto kliniki wiki iliyopita. Ameanza chanjo zake, Gerrit. Shule ya New York itampokea kesho asubuhi. Nyumba yangu iko kule. Nimebaki hapa wiki nzima bila sababu yoyote ya anwani.

Gerrit alitema damu.

— Wiki nzima hukuniambia.

— Nilikuambia. Kila usiku nilikuambia yote, tangu mwanzo. Nilikuwa nalala kushoto kwako, nawe umelalia sikio zima.

Upepo ulipita juu ya vioo vilivyovunjika. King'ora kilianza kulia mbali, barabara kuu. Mlango wa bafuni ulifunguka ndani, na vijiguu vikaja hadi dirishani, vikasimama.

Gerrit alijaribu kuinuka, mbavu zikakataa. Akajigeuza taratibu juu ya kuni, kidogo kidogo, akiuma midomo, mpaka sikio la kulia likamwelekea Leona.

— Hamia upande huu, alisema. — Uanze tangu mwanzo.

Leona alitupa gogo, akapiga magoti juu ya vioo, akaanza.