Isale la Evelyn

Mvua ya ghafla ndiyo iliyomkimbiza Evelyn hadi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, pale Soko Kuu la Arusha. Mwalimu wa Kiingereza huyo, gauni la bluu limelowa chapachapa! Fundi Elimringi, kijana wa Machame kama yeye, akamvutia kigoda. Mvua ilipokatika, walikuwa wameshabadilishana namba za simu.

Jioni simu zikawa hazipoi.

"Mwalimu wangu, hili neno 'help' nalitumiaje? Wazungu wanaulizia mashati."

"Waambie, 'Can I help you?' Mtu akilemewa na mzigo, unamhelp. Akikwama, anapiga kelele, 'Help!'"

"Na mimi niliyekwama kwako?"

"Wewe huna dawa, mpenzi," Evelyn alicheka.

Mapenzi yakanoga hadi siku ya mahafali ya shule ya Evelyn kule Makumira. Elimringi alikuja na suti aliyojishonea, imemkaa kweli kweli. Walimu wenzake Evelyn wakamkagua juu mpaka chini, mmoja akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Evelyn, jamani! Akajibu, "Oh, I just help him with his English."

Elimringi alielewa kila neno. Si alifundishwa na yeye? Akaweka soda mezani, akaaga kwa heshima, akaondoka. Simu hakupokea tena.

Evelyn aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Amemkana mpenzi wake kwa sababu ya cherehani! Mwisho akaenda Machame, akachuma isale shambani kwa mama yake. Kwa Wachaga, jani hilo likiletwa, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe.

Akarudi nalo Arusha, kibarazani kwa Elimringi, akampa kwa mikono miwili, mbele ya wateja. "Nimekukosea, Eli. Nisamehe."

Elimringi akalipokea. "Nimekusamehe. Ningefanyaje? Mchaga hakatai isale. Ila ungekuja mikono mitupu, ningekusamehe kwa hiari yangu. Sasa umenilazimisha."

Uso ulimwaka Evelyn. Kumbe hata msamaha aliutafuta kwa njia ya kujikinga! Akalichukua jani, akalitia kwenye pochi.

"Basi sina kitu mkononi. Nilikuonea aibu, Eli, ndiyo kweli yenyewe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Elimringi akainamia cherehani. "Nenda nyumbani. Nikitaka kukusamehe, nitakupigia."

Evelyn akaondoka kichwa chini. Hajavuka hata barabara, simu ikaita.

"Rudi," Elimringi alisema. "Nimetaka."